Mstari Alioutafuta Kahaso

Kila Jumamosi asubuhi Kahaso alikuwa na kazi zake tatu. Alifagia ua, akajaza maji madumu mawili, kisha akachukua bakuli na kwenda kwa Bi Ummulkheir kununua mahamri na mbaazi za nazi. Kazi zote hizo alizifanya huku midomo ikimchezacheza, kwa maana alikuwa akikariri Biblia. Watu wa mtaa wao wa Mishomoroni walikwisha kumzoea, na Bi Ummulkheir, aliyeuza mahamri barazani pake tangu Kahaso hajazaliwa, alimzoea kuliko wote.

"Shikamoo, Bi Ummulkheir."

"Marahaba, mwanangu. Leo wasoma nini?"

"Injili ya Yohana, sura ya kumi na saba. Naimaliza leo."

"Mashaallah. Haya, lete bakuli."

Kahaso alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Katika Kanisa la Neema, alikosali pamoja na bibi yake, walimwita Kahaso wa Maandiko. Jina hilo lilimpendeza, na tuseme kweli, lilimpendeza kupita kiasi. Mtu akikosea neno moja la mstari alimsahihisha papo hapo, hata kama mtu huyo alikuwa na mvi kichwa kizima. Naye akianza usemi wake kwa neno "imeandikwa", wenzake walinyamaza, kwani hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Mwaka huo kulikuwa na jambo jipya. Kanisa la Neema na Kanisa la Bethania yalitenganishwa na njia moja tu ya mchanga, lakini kwa miaka mingi waumini wao walisalimiana tu na kupitana. Sasa wachungaji wa makanisa hayo mawili walikuwa wamekubaliana kwamba Jumapili ya Mitende wote wangefanya ibada moja katika uwanja wa shule. Kahaso wa Neema na Dama wa Bethania walichaguliwa kukariri pamoja sala ambayo Yesu aliwaombea wanafunzi wake kabla hajakamatwa. Kahaso angesema mstari mmoja, Dama wa pili, na mstari wa kuombea umoja wangeusema kwa pamoja. Wasichana hao walikaa dawati moja shuleni, kwa hiyo mazoezi yaliwaendea vizuri.

Jumamosi hiyo baba yake Dama, Mzee Garama, alifika kwenye mazoezi, yaliyofanyika katika Kanisa la Neema. Alikuwa fundi wa kujenga nyumba, mtu mpole asiyependa makelele, na ndiye aliyewaongoza waimbaji wa Bethania, ambao walikuja naye. Mkononi alishika kayamba, yaani matete yaliyofungwa pamoja yakawa bapa, ndani yake mkatiwa mbegu ngumu. Alipolitikisa, mbegu zilipiga mwendo mtamu, na watoto wakaanza kuyumba bila kuambiwa.

Kahaso hakuyumba. Alikuwa amekumbuka habari za Hawe, ndivyo alivyomwita bibi yake kama Wagiriama wanavyowaita bibi zao. Hawe alipokuwa mwanamwali huko Ganze aliugua sana, na waganga wakamkalisha katikati ya watu wakamtikisia kayamba ili kuwaita pepo. Alizungushwa mpaka akazirai, wala hakupona. Tangu siku alipomwamini Kristo, Hawe hakutaka tena kuisikia sauti ya kayamba.

"Mzee, hicho si chombo cha kanisani," alisema Kahaso.

Mzee Garama akasimamisha mikono. "Nani kasema hivyo, mwanangu?"

"Biblia. Imeandikwa kwamba kayamba ni la pepo, na Mungu amelikataza."

"Imeandikwa wapi?"

"Katika Agano la Kale," alijibu Kahaso bila kupepesa macho. Mstari huo hakuwahi kuuona. Lakini jambo lenyewe alikuwa na hakika nalo, na jambo la hakika namna hiyo, alifikiri, halikosi kuwa limeandikwa mahali fulani.

Watoto wa Neema walianza kunong'onezana, na mmoja wao akasema kwa sauti kwamba kumbe Bethania wanaabudu pepo. Wengine wakacheka. Dama alisimama, akalichukua kayamba mikononi mwa baba yake.

"Baba, twende zetu," alisema. Kisha akamgeukia Kahaso. "Kwa hivyo siku zote umekaa dawati moja na mtoto wa pepo?"

Waimbaji wote wa Bethania wakawafuata, wakavuka njia ya mchanga na kuingia kanisani kwao.

Mwalimu Philister, aliyefundisha watoto wa Neema kila Jumapili, alikuwa mlangoni akipanga viti. Maneno yote aliyasikia. Hakumkemea Kahaso, na hilo lilimtia Kahaso wasiwasi kuliko kemeo.

"Kahaso."

"Abee, Mwalimu."

"Umesema imeandikwa. Mimi nimeisoma Biblia miaka mingi lakini mstari huo siukumbuki, huenda ulinipita. Jumamosi ijayo wachungaji wote wawili watakuja hapa. Utatusomea. Ikiwa Neno la Mungu limelikataza kayamba, ndugu zetu wataliacha, kwa sababu nao wanalitii Neno hilohilo tunalolitii sisi. Ikiwa halikulikataza, hatuna haki ya kuwakataza. Ibada ya pamoja itasubiri jibu lako."

Kahaso aliitikia, akaenda nyumbani akiwa na uhakika kwamba angeupata mstari wake kabla ya Jumatatu.

Jumatatu ilifika, hakuupata. Alisoma Kumbukumbu la Torati, akasoma Mambo ya Walawi, akakuta habari za wanyama najisi na ukoma na mizani ya haki, lakini kayamba hakulikuta. Shuleni Dama alikuwa amehama dawati na kukaa na Lynnette, msichana wa dirishani. Kahaso alipomsalimia, Dama aliitikia kwa kichwa tu. Jioni Kahaso alijaribu kukariri sala ile peke yake, na alipofika pale Yesu anapomwomba Baba yake kwamba wanaomwamini wote wawe kitu kimoja, sauti ilimkwama. Maneno hayo yalitakiwa kusemwa na watu wawili, na huyo wa pili alikuwa amemfukuza yeye mwenyewe. Aliona haya, ingawa chumbani hapakuwa na mtu.

Alhamisi mama yake alimtuma mahamri.

"Mbona leo midomo imelala?" Bi Ummulkheir alimuuliza.

Kahaso akamweleza yote. Bi Ummulkheir alisikiliza huku akigeuza mahamri karaini.

"Sasa hao wenzenu wa ng'ambo ya njia wana kitabu chengine?"

"La, ni hichohicho chetu."

"Basi si mukifungue pamoja," alisema Bi Ummulkheir, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi kabisa. "Haya, shika bakuli lako, mbaazi zina moto."

Kahaso alirudi nyumbani akamkuta Hawe akichambua mchicha. Aliketi karibu naye.

"Hawe, ule mstari unaokataza kayamba uko kitabu gani?"

"Mstari gani?"

"Si ule uliokuwa ukiniambia?"

Hawe aliacha mchicha. "Mjukuu wangu, mimi nilikueleza yaliyonipata. Ni maisha yangu, niliyaona kwa macho haya. Lakini mimi hata kusoma sijui. Ningekutajia mstari wa wapi?"

Hapo ndipo maji yalipomfika Kahaso shingoni. Alielewa alichokuwa amefanya. Alikuwa amechukua maneno ya bibi yake, maneno ya kweli yenye uchungu wake, akayabandika jina la Mungu.

Ijumaa baada ya shule aliendelea kusoma, si kwa matumaini tena bali kwa sababu alikwisha kuanza. Alikuwa katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya sita, Daudi na watu wa Israeli wakilisindikiza Sanduku la Mungu. Walikuwa wakicheza mbele za Bwana kwa nguvu zao zote, wakapiga vinubi, wakapiga vinanda na matari. Kisha macho yake yakasimama. Alisoma mara tatu, kidole juu ya karatasi. Baada ya matari, kabla ya matoazi, palikuwa na neno ambalo alilitafuta wiki nzima. Kayamba.

Kahaso alikifunga Kitabu. Mwalimu Philister hakuutaja mstari huo alipozungumza naye, na Dama hakuwa mtu wa kusoma sana. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Angeweza kusema kwamba bado anatafuta. Angeweza kutafuta mstari wowote wa kukataza miungu ya kigeni akauvuta mpaka ufike kwenye kayamba, na watu wangemwamini, kwani yeye ni Kahaso wa Maandiko. Lakini akiunyamazia mstari huu, angekuwa analificha Neno lenyewe ili kuokoa jina alilopewa kwa ajili ya Neno hilo. Wazo hilo lilimtisha. Alikifungua Kitabu tena, akaweka kipande cha karatasi mahali pale.

Jumamosi kanisa la Neema lilijaa. Mchungaji Kitsao wa Neema aliketi mbele pamoja na Mchungaji Margret wa Bethania. Hawe pia alikuja, akaketi kando. Dama na baba yake walikaa karibu na mlango, kama watu waliojiandaa kuondoka. Kahaso aliitwa. Akasimama mbele ya wote.

"Nilisema imeandikwa kwamba Mungu amelikataza kayamba," alianza. "Haikuandikwa. Nimetafuta wiki nzima. Yale yalikuwa maneno ya bibi yangu, aliyetikisiwa kayamba na waganga akaumia, nami nikayafanya ya Mungu. Nilidanganya. Na kuna jambo jingine."

Akasoma mstari ule kwa sauti, polepole, asiruke neno. Alipolitamka kayamba, watu waligeukiana. Mzee Garama aliinamisha kichwa, na Dama akamtazama Kahaso kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Mchungaji Kitsao alinyoosha mkono akapewa Kitabu. Alivaa miwani, akasoma mwenyewe.

"Ndivyo ilivyo," alisema. "Sisemi Daudi alikuwa na kayamba la matete kama hili la kwetu. Waliotafsiri walikuta chombo cha kutikiswa, wakatafuta jina ambalo tungelielewa. Lakini jambo moja liko wazi. Mungu hakukataa kusifiwa kwa chombo cha namna hiyo. Mimi nami sikupenda kayamba, na sikuwahi kujiuliza kama katazo ni la Mungu au ni langu. Ndugu zetu wa Bethania, tuwieni radhi."

Mzee Garama alisimama. Badala ya kwenda mbele alikwenda kwa Hawe, akachutama mbele yake.

"Mama, nimesikia kayamba lilikuumiza. Sina mstari unaonilazimisha kulipiga. Ukisema niliweke chini, nitaliweka."

"Paulo naye alisema hivyo kuhusu nyama," alisema Mchungaji Margret. "Alikuwa na ruhusa ya kula, lakini alikuwa radhi kuacha asije akamkwaza ndugu yake. Hilo nalo limeandikwa, wala tusilisome nusu nusu."

Watu wote walimtazama Hawe.

"Wale waliowaita pepo walinitikisia mimi," alisema. "Wewe wamtikisia nani?"

"Bwana Yesu, Mama."

"Basi lipige, mwanangu. Niwekeeni kiti changu nyuma kidogo, nizoee taratibu."

Mkutano ulipokwisha Kahaso alikwenda mlangoni. Hakuwa na maneno mengi aliyoyakariri kwa jambo kama hilo.

"Dama, nilikukosea wewe na baba yako. Nisamehe."

Dama alimgeukia. "Ulinitukana mbele ya watu," alisema. "Lakini na kweli pia umeisema mbele ya watu, na hiyo ni ngumu zaidi. Nimekusamehe. Mstari wa kwanza ni wako, si ndiyo?"

Wakafanya mazoezi hapohapo, mpaka wakaambiwa kanisa linafungwa.

Jumapili ya Mitende watu wa makanisa mawili walijaa katika uwanja wa shule, kila mtoto na kuti lake changa mkononi. Mzee Garama alilipiga kayamba, na waimbaji wa Neema, ambao hawakuwahi kuimba kwa mwendo huo, waliudaka kufikia ubeti wa pili. Hawe aliketi nyuma. Hakupiga makofi, lakini aliimba. Kisha wasichana wawili walisimama bega kwa bega, mmoja akasema na mwingine akapokea, na walipofika pale Yesu anapoomba wafuasi wake wawe kitu kimoja ili ulimwengu uamini, walisema kwa sauti moja, na sauti ya Kahaso haikukwama.

Mwalimu Philister ndiye aliyepewa nafasi ya kusema na watoto.

"Wanangu," alisema, "msifikiri kwamba leo tumekuwa kitu kimoja kwa sababu tumefanana. Kesho Neema wataimba kwa namna yao na Bethania kwa namna yao. Tumekuwa kitu kimoja kwa sababu sote tumekubali kuwa chini ya Neno moja. Lilipotusahihisha, mtoto alikubali kusahihishwa, na mchungaji naye akakubali. Lililoandikwa tulitii sote. Lisiloandikwa tusilifanye ukuta wa kumzuia ndugu. Na mtu asiseme 'imeandikwa' kabla hajasoma, kwa kuwa anayemtia Mungu maneno kinywani huwatenga watu ambao Mungu mwenyewe amewaita."

Kisha akatangaza kwamba kuanzia mwezi huo makanisa yote mawili yangekutana kila Jumatano jioni kusoma Biblia pamoja, mara hii Neema, mara ile Bethania. Wasomaji wa kwanza, alisema, watakuwa Kahaso na Dama, na wataanzia ukurasa wa kwanza.