Sponji Ndani ya Gitaa la Marehemu

"Dada, ukilituma hivyo, litafika kuni."

Ritha aligeuka. Ofisi ya vifurushi ya stendi ya Kange ilikuwa imefurika asubuhi ile: magunia ya machungwa, ndoo za samaki wakavu, na mama mmoja aliyekuwa akigombana na karani kwa sababu ya godoro. Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwenye shati la drafti, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Kwani nimekuuliza?" Ritha alilikumbatia gitaa lake alilolifunga kwa blanketi na kanga mbili.

"Hujaniuliza. Linakwenda wapi?"

"Finland. Kwa wifi yangu."

"Mwezi huu wa kumi na moja? Kule sasa hivi maji yanageuka mawe. Na wewe umelivika kanga!"

Ritha alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kicheko kile kilimshtua, maana miaka mitatu hakuwahi kucheka mbele ya gitaa lile. Lilikuwa la Bryson, mchumba wake, aliyekufa kwa ajali ya pikipiki barabara ya Pangani zikiwa zimebaki wiki sita wafunge ndoa. Sasa Ruthi, dada yake Bryson aliye muuguzi huko Finland, alikuwa ameliomba ili wanawe wawe na kitu cha mjomba wao.

Kijana mwenyewe aliitwa Nehemia, Msambaa wa Lushoto, fundi wa magitaa mwenye karakana Ngamiani, nyuma ya duka la baiskeli. Alijitolea kumtengenezea sanduku la mbao. Akasema wiki mbili, zikawa tisa. Mimi nimewaona maseremala wavivu, lakini sanduku la wiki tisa lina jambo.

Kila alasiri Ritha alifunga duka lake la vitenge, akajipulizia manukato kidogo, akapita karakana.

"Sanduku langu tayari?"

"Bado. Bawaba zimegoma."

"Jana uligoma msumeno."

"Na ukirudi tena na hilo gauni la njano, nitagoma mimi."

"Mwongo mkubwa we!"

Jioni zilikuwa za simu. "Umekula, laazizi?" "Nimekula. Na wewe?" "Nimekula ugali na mawazo yako." Mama yake Ritha alimsikia binti yake akicheka chumbani, akamshukuru Mungu kimya kimya.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Ritha hakumwambia mama yake. Tangu Bryson azikwe, gitaa lile likiwa limetundikwa ukutani kwao Makorora, uzi wake mnene ulilia mara moja kila jua lilipozama, na hakuna aliyeugusa. Alidhani likiondoka nyumbani patatulia. Gitaa sasa lilikuwa Ngamiani, kwa Nehemia, na bado kila magharibi alilisikia palepale kwenye msumari mtupu. Siku moja alijikaza akamweleza Nehemia.

"Upepo," alisema Nehemia, akaendelea kupiga msasa bila kuinua macho.

"Ndani ya chumba kilichofungwa?"

"Upepo, Ritha."

Katikati ya Januari sanduku likawa tayari. Nehemia alizilegeza nyuzi zote. "Mbao husinyaa kwenye baridi. Nyuzi zikikazwa zitaing'oa shingo." Alijaza magazeti yaliyokunjwakunjwa kila pembe, lisicheze. Mwisho alichukua sponji ya kuoshea vyombo, akailowesha, akaikamua sana, akaitia kwenye kisanduku cha sabuni chenye matundu na kukiingiza ndani ya tundu la gitaa.

"Maji?" Ritha alishangaa.

"Baridi ya kule ni kavu, na nyumba zao zina majiko yanayowaka usiku na mchana. Hewa inanyonya mbao mpaka zinapasuka. Sponji hii italinywesha polepole. Na mwambie Ruthi asilifungue likifika. Likae ndani siku nzima lizoee joto, kama mgeni anayeachwa apumzike kabla ya kuulizwa habari za safari."

Akaweka bisibisi chini.

"Likishaondoka, nataka nije kwa mzee wako. Nakupenda, Ritha. Lakini kwako siwezi kuja mkiwa wawili."

Ritha aliitikia kwa kichwa. Alimpenda, na aliogopa.

Sanduku lililala kwao Makorora likingoja basi la asubuhi la kulipeleka uwanja wa ndege. Jua lilipozama uzi ulilia, safari hii ndani ya sanduku, mzito, kama mtu anayeguna. Ritha akafungua skrubu. Gitaa lilikuwa limelala kimya, na tumboni mwake ile sponji, yenye maji. Mtu wa pwani hafundishwi kinachoua mbao: ni unyevu. Ndiyo maana mchele unatiwa kwenye chumvi na mkaa kwenye kabati la nguo. Shetani wa mashaka akampata hapo. Mwanamume gani anamtengenezea marehemu sanduku zuri, kisha anamtia maji? Akaitoa sponji. Mahali pake akaweka kifuko cha mchele na mkaa, akafunga, na hakumwambia mtu.

Siku kumi na mbili baadaye Ruthi alituma picha. Gitaa lilikuwa na ufa kutoka kwenye tundu mpaka chini.

Ritha aliingia karakana bila hodi.

"Umefurahi sasa? Ulimwonea wivu mtu aliyekwisha kufa, ukalitilia maji gitaa lake!"

Nehemia aliikuza picha, akaufuata ufa kwa kidole. "Hii si kazi ya maji," alisema taratibu. "Hii ni kiu. Sponji waliikuta kavu?"

Hapo ndipo angesema. Hakusema. Alijiambia maji yalikwisha kufanya kazi yake kabla hajaitoa. "Usinipigie tena," alisema, akaondoka na gauni lake la njano.

Wiki tatu simu ilinyamaza. Magharibi uzi ulilia, na mara hii Ritha hakupata hata faraja ya kuogopa akiwa na wa kumwambia. Alikonda. Akampoteza wa pili, na huyu hakuuawa na pikipiki.

Kisha Ruthi akapiga.

"Wifi, nimelipeleka kwa fundi. Anasema lilikauka kupita kiasi. Amekuta kifuko cha mkaa na mchele tumboni, ndicho kilichonyonya unyevu wote. Ameuliza nani aliyeweka kitu kama hicho kwenye gitaa linalokuja kwenye baridi. Ni yule fundi wenu?"

Ritha alikaa kitandani. "Hapana, wifi," alisema. "Ni mimi."

Wakaongea kwa muda mrefu. Alipokata simu aliingia kwanza sebuleni kwa baba yake, kisha akajifunga mtandio, akaenda Ngamiani kwa miguu.

Nehemia alikuwa anapiga randa ubao. Hakumkaribisha.

"Niliitoa sponji yako," Ritha alisema akiwa bado mlangoni. "Nikatia mkaa na mchele. Mimi ndiye niliyelipasua."

Randa ilisimama. "Siku ile uliyonitukana, ulijua?"

"Nilijua nimeitoa. Sikujua ndiyo iliyokuwa dawa. Lakini nilijua nakuficha."

"Kwa hiyo uliniona mtu wa kumwonea wivu marehemu."

"Ndiyo."

"Basi hukukosea." Nehemia alijifuta uso kwa kiganja. "Nilimwonea wivu sana. Kazi siichezei, sponji niliitia kwa moyo mweupe. Ila wiki tisa gitaa lake lilikaa hapa, na kila jua lilipozama uzi ule mnene ulilia mbele ya macho yangu. Wewe uliponiambia, nikasema upepo. Niliogopa ukijua na mimi namsikia, hutamwacha kamwe."

Ritha alilia, bila kujificha. Miaka mitatu alidhani anasikia peke yake.

"Ruthi yuko tayari kulirudisha ulitengeneze wewe," alisema akijipangusa kwa mtandio. "Ameniuliza kama alitume."

Nehemia alishika ukingo wa meza. "Umemjibu nini?"

"Nimemwambia likae. Litengenezwe hukohuko, watoto walipige. Lisirudi kwangu."

Nehemia alimtazama mpaka machozi yakamlengalenga.

"Njoo Jumapili na mshenga wako," alisema Ritha. "Nimeshamwambia baba."

"Na tukiendelea kumsikia?"

"Tutamsikia," alisema Ritha. "Wewe njoo hivyo hivyo."