Vumbi la Gita Jeusi

Siku binti yangu alipoleta gita nyumbani, nilikuwa nakunja mashuka yetu baada ya kushinda nikikunja ya wagonjwa. Nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mtu aliyekwisha kufua mashuka ya wodi nzima hana nguvu ya kushangilia muziki. Nikamwambia aliweke pembeni, tule kwanza.

Binti huyu tulimpachika jina la Cherehani tangu akiwa mdogo, kwa sababu mdomo wake ukianza hausimami mpaka mtu akate uzi. Aliongea akila, aliongea akioga. Alikuwa mwimbaji wa bendi ndogo ya kupiga kwenye sherehe, na bendi moja kubwa ilikuwa imemwahidi nafasi akija na gita lake mwenyewe. Ndipo akanunua hili la umeme, lililokwisha kutumika, kwa mjane wa mtaa wa pili. Lilikuwa jeusi tii. Rangi ilikuwa nene kama lami, mpaka kingo zake zimefura.

"Yule mama kaniomba nisibandue rangi," alisema huku anacheka. "Karudia mpaka nikajiuliza kama nanunua gita au naolewa nalo."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamjibu sawa mama, nimesikia, kwaheri. Lakini kweli nipande nalo jukwaani hivi? Si linafanana na sufuria iliyoungua?"

Alitaka ubao wenyewe uonekane, na vanishi tu juu yake. Alitaka pia pikapu mpya. Hizo ni zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi, zinanasa mlio na kuupeleka kwenye spika. Za zamani zilikuwa zimeshika kutu.

Kazi ya ubao aliifanya kaka yangu, ambaye ni seremala. Alikaa uani na msasa tangu asubuhi, Cherehani kamkalia pembeni akimsimulia habari za watu wote wa bendi. Rangi ilitoka kwa shida, tabaka baada ya tabaka. Vumbi lilinuka kama nywele zilizoungua. Nikaleta ufagio.

"Weka ufagio chini, dada," kaka alinizuia. "Vumbi hilo nina kazi nalo."

Kaka yangu hatupi kitu. Akilainisha ubao, hukinga vumbi lake kwenye gazeti, halafu hulichanganya na gundi na kuzibia matundu ya skrubu na nyufa. Anasema hakuna kiraka kinachoshika kama vumbi la ubao ule ule, na meza zake zote mtaani ni shahidi. Kwa hiyo akazibia matundu ya gita, na ufa mmoja mrefu mgongoni mwake. Akapaka vanishi. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Viraka tu ndivyo vilivyobaki vyeusi, kama madoa ya ndui.

Pikapu tulizipeleka kwa fundi redio wa pale kona. Akachomelea nyaya, akachomeka gita kwenye amplifaya, akagonga kila pikapu kwa ncha ya bisibisi. Tok, tok. "Zinafanya kazi," alisema, akaweka bisibisi mezani.

Spika ikavuta pumzi.

Nimechukua mashuka vitandani mwa wagonjwa miaka mingi. Pumzi ya mtu naijua. Iliingia, ikakaa, ikatoka.

"Ni umeme huo," Cherehani alisema.

"Umeme hauna kikohozi," nikamwambia, kwa sababu wakati huohuo ilikohoa. Kikohozi kizito, cha mwanamume.

Fundi redio akaniinamia sikioni. "Dada, halina nyuzi bado. Bila nyuzi hakuna cha kunasa." Alitukabidhi gita kama mtu anayerudisha mtoto wa watu aliyepata homa. Nyuzi hakukubali kuzifunga.

Cherehani alizifunga mwenyewe nyumbani, akalichomeka kwenye spika yake ya mazoezi. Nilimwambia alirudishe lilikotoka, akaniuliza kama ninataka afie kwenye bendi ya sherehe. Kisha akaanza kupiga, na kweli mlio wa gita ulikuwa mtamu. Alipiga huku anaimba, bila kipaza sauti. Uimbaji wake ukasikika kwenye spika.

"Mama, umesikia? Linaimba na mimi!"

Kesho yake sauti yake ilikauka. Nikampa maji ya moto na chumvi. Siku iliyofuata akawa ananong'ona. Kwenye spika, uimbaji wake ulikuwa safi kuliko jana.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, jua limejaa mezani. Cherehani alinitazama, akafungua mdomo. Midomo ikacheza. Sauti ikatoka sebuleni, nyuma yangu, kwenye spika.

"Mama, nisogezee chumvi."

Gita lilikuwa limeegemezwa ukutani. Hakuna aliyelishika.

Aliisikia mwenyewe. Aliweka kijiko chini taratibu, akajishika koo. Nikaenda nikachomoa waya. Akaongea, akaongea, machozi yanamtoka. Hakuna kitu. Nikachomeka tena.

"…usizime, Mama. Humu ndani kuna mtu."

Hospitalini daktari alimwangalia koo. Halina donge, halina kidonda. Akasema ni mawazo.

Kaka alikuja na patasi. Tulikubaliana viraka vitoke, vyote. Aliweka ncha kwenye kiraka cha kwanza, akagonga mara moja. Cherehani akainama akatema damu kwenye kiganja. Kaka akagonga tena, kidogo tu, kuhakikisha. Damu tena. Akairudisha patasi mfukoni, na mkono ukabaki humo humo mfukoni.

Nikaenda kwa mjane. Alikuwa anaanika nguo. Hakungoja salamu.

"Mmeibandua," alisema.

"Mwanangu hana sauti."

Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mume wangu naye alianza hivyo. Lilimchukua sauti, baadaye likamchukua mwenyewe. Baada ya mazishi nikawa namsikia. Sijui kama ni yeye, au ni aliyekuwamo kabla yake. Nikapaka rangi. Nikapaka tena na tena, mpaka kukawa kimya."

"Na ukamuuzia mtoto wangu."

"Nina chumba kimoja tu, dada yangu. Ningelala nalo mpaka lini?" Akabana nguo kwenye kamba. "Vumbi mlilitupa?"

Nikamweleza kuhusu gundi na viraka. Akafunika mdomo kwa kanga.

"Lingeondoka na upepo," alisema. "Angeondoka nalo. Nyinyi mmemzibia ndani."

Nilimtaka anieleze tufanye nini. Alisema yeye anajua rangi tu. Alikuwa na kopo lililobaki, nikalichukua.

Kaka alianzia upande wa chini wa gita. Nilimweka Cherehani kwenye kiti karibu yetu, waya umechomekwa, ili tumsikie. Tabaka la kwanza likapita. Ile pumzi nzito kwenye spika ikafifia. Tukatazamana. Kaka akachovya brashi tena, akapandisha mpaka katikati.

"Mjomba," spika ikasema. Ilikuwa mbali, kama mtu aliye chumba cha tatu. "Mjomba, unanifunika na mimi."

Kaka akasimama, brashi inadondosha rangi sakafuni.

"Niendelee?" aliniuliza kwa kunong'ona.

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa anatikisa kichwa. Hapana. Hapana.

Nikamnyang'anya brashi.

Basi ndivyo tulivyo mpaka leo. Gita linaning'inia sebuleni, nusu jeusi, nusu ubao. Waya hauchomolewi. Umeme ukikatika nyumba nzima inabaki kimya, na Cherehani hukaa akinishika mkono mpaka urudi. Bendi kubwa ilishachukua mtu mwingine. Majirani wanadhani tunasikiliza redio. Nikirudi kazini naketi chini ya gita, yeye ananisimulia siku yake, na mimi nimezoea kuutazama ukuta badala ya uso wa mtoto wangu.

Wiki iliyopita nilimwambia aongee kwa nguvu. "Mbona ninapiga kelele, Mama," akajibu, na nilimsikia kwa shida. Nikapanda kwenye stuli kukagua waya. Waya ulikuwa mzima.

Rangi ndiyo ilikuwa imesogea. Mpaka wake ulikuwa katikati, sasa umepanda juu ya pikapu. Nilichukua msasa nikakwangua mpaka ubao ukaonekana, na sauti ya mwanangu ikarudi. Asubuhi yake rangi ilikuwa imepanda tena. Tangu hapo, kabla ya kwenda kazini, nakwangua. Vumbi nalipeleka nje na kulipeperusha. Mikono inauma, kwa msasa na kwa mashuka, lakini nakwangua. Cherehani huniambia niende taratibu, kwa sababu anakuwa anausikia msasa kwa ndani.

Leo rangi ilikuwa bado mbichi. Nilimwita kaka aje aione kwa mchana. Kopo la mjane tulilizika siku ileile, na brashi tuliichoma. Rangi hii haikupakwa kwa brashi. Ilikuwa imesukumwa juu kwa kiganja, michirizi ya vidole inaonekana wazi, mitano, imetanda kwenye ubao.

Kaka ana mikono mikubwa ya useremala. Aliinua kiganja chake akakilinganisha na ile alama, bila kuigusa.

Kando yake, kiganja cha kaka kilionekana kama cha mtoto.