Mluzi wa Marehemu Donatus

Jioni ile Paskazia alikuwa akikamua, na mumewe Abel amemzuia ndama kwa shingo.

"Baba Martina, huyo ndama au mkwe? Mbona unamkumbatia?"

"Kamua, mama. Maneno hayajazi kibuyu."

Wakacheka. Ndipo mluzi mrefu uliposikika kutoka mbugani.

Abel aliutambua. Ndivyo Donatus alivyokuwa akiwaita ng'ombe wake. Donatus, rafiki yake, mhasibu wa mradi wa maji, alikuwa amezikwa mwezi uliopita, kabla kesi yake ya wizi haijaisha. Visima havikuchimbwa. Fedha za visima alizigeuza ng'ombe, akawagawa kwa majirani wawatunze na kunywa maziwa, kama ilivyo desturi. Mahakama iliamuru mali irudishwe ingawa mwizi kafa. Lakini maofisa walipokuja, Abel aliapa kwamba zizi zima ni lake.

Sasa ng'ombe wa Donatus, na hao peke yao, waliinua vichwa.

"Ni hao maofisa," Abel alinong'ona. "Wamemtuma mtu aige mluzi, wapate kuwatambua."

"Na mluzi wa marehemu wamefundishwa na nani?"

Abel alichukua fimbo akaenda kuangalia. Mbuga ilikuwa tupu, haina hata kichaka cha kumficha mtu. Palinuka ngozi mbichi tu, kama ile ya fahali waliyomfunikia Donatus kaburini.

Asubuhi alikwenda kwa mganga Bujiku.

"Donatus alichukua jini kule Geita, limlindie mali," Bujiku alisema kwa sauti ya chini. "Yeye mlimzika. Jini hamkulizika. Linakusanya vyake."

"Lifukuze basi, mzee."

"Nilifukuze na mali yake unayo? Warudishie walioibiwa. Yote, Abel. Ukibakiza hata kwato, litaifuata."

Abel aliondoka akimshuku hata Bujiku. Nani asiyewataka ng'ombe wale?

Jua lilipozama mluzi ulirudi, safari hii nyuma ya ua wa minyaa, na ng'ombe wa Donatus wakalisonga lango mpaka miti ikalia, na harufu ya ngozi mbichi ikajaa zizini, na Paskazia akaweka kibuyu chini, akainuka, akaingia katikati ya ng'ombe na kutembea nao hatua kwa hatua kuelekea langoni, na mgongoni mwake mtoto Martina akageuza kichwa kule kule walikotazama ng'ombe.

Abel alimdaka mkono. "Unakwenda wapi?"

"Naitwa."

"Na nani?"

"Sijui." Alimvuta Abel hatua nyingine. "Mimi si ng'ombe, Baba Martina. Lakini miguu hainisikii."

Hapo Abel akaelewa. Ng'ombe aliowapeleka ukweni kumwoa Paskazia alipewa na Donatus. "Utanilipa ukipata," Donatus alimwambia. Hakumlipa kamwe.

Alimwingiza mkewe ndani, akafunga mkono wake na wa Paskazia kwa kanga moja. Wakakaa hivyo mpaka kukapambazuka, mluzi ukizunguka nyumba.

Asubuhi Abel alifungua zizi, akawaswaga ng'ombe wa Donatus hadi Mhunze kwa wale maofisa, Paskazia akitembea kando yake. Nyuma aliwaongeza ng'ombe wake mwenyewe, idadi ile ile ya mahari.

"Na hawa wa nyuma ni wa nini?" ofisa aliuliza kwa mashaka.

"Ni wa mke wangu," Abel alisema. "Waandike."

Hakufungua fundo la kanga mpaka ofisa alipomaliza kuandika.