Lori Lililoachiwa Mteremkoni

Jumapili ile nyumba yetu ilikuwa shwari. Mimi nilikuwa kwenye cherehani napinda sare za shule, binti yetu anaanika nguo uani huku anaimba, na mume wangu yuko juu ya stuli anagongelea msumari ukutani atundike picha yake. Kwenye yadi ya malori alikofanya kazi, dereva anayerudi na mafuta mengi tangini hupigwa picha akiwa na tajiri mwenye malori, naye hupewa picha hiyo ikiwa kwenye fremu. Ukuta wetu ulikuwa umeshajaa. Madereva wenzake walimwita Tone, wakisema mtu huyu hapotezi hata tone moja la dizeli.

"Umeipinda," nikamwambia.

"Iache hivyo hivyo, mama watoto. Bingwa ni bingwa hata akipinda."

Binti yetu akaingia na beseni tupu. Alikuwa ametoka kupata leseni ya malori, na kichwa chake kilijaa magurudumu.

"Baba, wenzako wana malori kama lako na mzigo kama wako. Wewe mafuta unayabanaje?"

Mume wangu akashuka kwenye stuli kwa maringo. "Nikifika kilele cha ule mlima wa njia yetu, kabla ya kona za mteremko, natoa gia. Naweka frii. Lori linateremka lenyewe, injini imepumzika, mimi napiga mluzi."

"Na kona je?" nikauliza mimi.

"Breki ni za nini? Mama watoto, mimi cherehani yako siiingilii. Nawe niachie lori langu."

Wiki iliyofuata alipanda mlima ule na shehena ya saruji, akafika kileleni, akatoa gia. Mteremko ule ni mrefu, nyote mnaujua. Kila kona alikanyaga breki, na kila kona breki zilizidi kupata moto, mpaka moshi ukaanza kutoka kwenye magurudumu. Kufika kona ya mwisho pedeli ikazama mpaka chini kama mguu kwenye matope. Alijaribu kurudisha gia, zikamsagia meno tu. Akaliparamisha lori kwenye ubavu wa mlima ili lisiwafuate watu waliokuwa barabarani mbele yake. Hapo namsifu, na nitamsifu mbele ya yeyote. Hakufa mtu. Lakini mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Sasa ngojeni niwaseme, majirani. Mlijaa sebuleni kwangu, mkakalia viti vyangu, mkasema breki zilifeli. Wengine mkasema amelogwa kwa kuonewa wivu. Tajiri naye akaja na mfuko wa machungwa, akasema ni ajali ya kawaida, imepita. Kisha akamgeukia binti yangu.

"Nafasi ya baba yako ipo. Wiki ijayo unachukua saruji. Uendeshe kama yeye, na picha yako tutaitundika."

Binti yangu akafurahi. Ningemlaumu vipi? Kazi yangu ya cherehani haitoshi, na baba yake hawezi tena. Lakini siku mbili baadaye nikiwa napepeta mchele, nikamsikia mume wangu akimfundisha kutoka kitandani, mguu ukiwa kwenye bandeji.

"Ukifika kileleni, weka frii. Usiogope. Mimi breki ziliniangusha, wewe utapewa lori zima."

Nilimwaga mchele chini. Nawaambieni bila kuficha, siku ile nilimchukia. Amekatwa mguu, na bado anampeleka mwanangu kulekule!

Sikubishana naye. Nilikwenda kumwita fundi wa yadi, mtu aliyelifungua lori lile baada ya ajali, akaja kumjulia hali. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ndugu yangu, breki zako hazikufeli," akasema. "Ziliungua. Lori lenye mzigo huzuiwa na injini likiwa kwenye gia ndogo, breki zinasaidia tu. Wewe uliziachia kazi yote."

"Nilikuwa nabana mafuta," mume wangu akajibu kwa ukali.

"Mafuta gani? Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye pedeli ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Dizeli haiendi. Ukiweka frii ndipo inapobidi inywe kidogo kidogo isizimike."

Mume wangu akamkodolea macho. "Kwa hiyo ule mteremko wote..."

"Hukubana kitu. Wewe ulibana kwenye kupanda. Ulichukua mwendo kabla ya mlima, ukabadili gia kwa wakati, hukukanyaga kwa pupa, ukatazama mbali usije ukafunga breki ovyo, matairi ukayajaza upepo. Picha zako zilitoka huko."

Hapo mume wangu alilia. Sijawahi kumwona akilia hivyo, hata hospitali. Nilimwacha alie, kisha nikamwambia kesho tunakwenda yadi, ayaseme haya mbele ya madereva wote.

"Unataka nikaaibike?"

"Ndiyo. Ukaaibike, mwanangu arudi nyumbani."

Tulikwenda, yeye na magongo yake, mimi na kanga yangu nimeifunga kiunoni. Alisimama kati ya malori akasema yote: kilele, gia, moshi, na kwamba hakuna tone aliloliokoa pale. Madereva walitazama viatu vyao. Wengi wao walikuwa wakifanya vilevile. Tajiri akatoka ofisini amefura.

"Mnaniharibia kazi! Binti, unataka lori au hutaki?"

"Nalitaka, mzee. Nitateremka na gia, polepole. Kama hutaki hivyo, ufunguo ulionipa huu hapa."

Akamnyooshea. Tajiri akautazama ule mkono, akawatazama madereva wake, na mmoja mmoja wakaanza kutoa funguo zao mifukoni. Alirudi ofisini bila kuuchukua hata mmoja.

Safari ya kwanza ya binti yangu tulipanda sote, baba yake kiti cha pembeni, mimi kitandani nyuma ya viti. Kileleni binti alipunguza mwendo, akaingiza gia ya chini kabla ya mteremko, akautoa mguu kwenye pedeli. Injini ikaunguruma, lori likashuka kwa adabu. Nyuma yetu magari yalipiga honi, na aliyetupita alitutukana. Katikati ya mteremko nikaona mkono wa mume wangu unanyanyuka, unakwenda kwenye gia wenyewe, kwa mazoea.

"Baba," binti akasema bila kugeuka, "toa mkono."

Akautoa.

FUNZO

Wanaoendesha milimani, sikieni, na mkitaka kukasirika kasirikeni. Bana mafuta kwa akili: chukua mwendo mapema, usikanyage kwa hasira, tazama mbali, angalia upepo wa matairi, zima injini unaposimama kupiga soga. Ila mteremko uushuke na gia, na gia hiyo uiingize ukiwa bado juu. Nanyi matajiri mnaosifia tangi lililojaa bila kuuliza lilijaaje, mimi sitanyamaza. Na sisi wa nyumbani tusikubali kuambiwa kwamba lori halituhusu. Linatuhusu. Mume wangu anaporudi kutoka msalani usiku, ni mimi ninayemshika mkono.