Skrubu Mbili za Mashine ya Majani

Nina miaka arobaini na mitatu, mke mmoja na watoto wanne, na ninalima mahindi na mihogo karibu na Handeni, nilikozaliwa. Wanaonifahamu husema mimi ni mtu mkimya, nisiyependa mizaha. Hawajui kwamba zamani nilikuwa mtu wa mizaha kupita wote... Leo nimeamua kuyasema, ndugu wasomaji, ingawa sitegemei kwamba yatanipunguzia chochote.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa kibarua katika shamba la mkonge upande wa Kwamndolwa, Korogwe. Sikukata mkonge. Bahati iliniangukia nikawekwa nyumbani kwa bwana meneja kutunza bustani. Aliyenipokea huko aliitwa Masanja, Mnyamwezi aliyekuja kwa mkataba kutoka Tabora. Mwiba wa mkonge ulikuwa umemtoboa jicho la kushoto, likafa kabisa. Ndipo akatolewa mashambani na kupewa mashine ya kukatia majani.

Mimi Mzigua, yeye Mnyamwezi, basi sisi tulikuwa watani. Kwa msomaji asiyeujua utani wetu, ni hivi: mtani anaweza kuingia kwako akabeba kuku akaenda kumla, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Tena mtani hamshtaki mtani wake mbele ya mtu wa nje, hata iweje. Masanja alinilia jogoo wawili. Mimi nilimfichia viatu siku ya sikukuu, akaenda kanisani pekupeku huku akinitukania ukoo mzima kwa kicheko. Mkewe, Mama Shija, alisema sisi ni watoto wawili wenye ndevu.

Masanja ndiye aliyenifundisha kuutunza ukoka. Aliniambia ukoka hupenda jua lakini hautaki kunyolewa kichwa wakati wa kiangazi. Kata kidogo kidogo, mara kwa mara, uache urefu wa pingili mbili za kidole. Chini ya ule ukijani kuna vijiti vikavu vyeupe, na visu vikivifikia, uwanja hubaki kipara hadi mvua inyeshe. Mashine yetu ilikuwa ya kusukuma kwa mikono. Nyuma ilikuwa na rola lenye skrubu mbili, moja kila upande, na kwa skrubu hizo ulichagua visu vikate juu au chini. Kila asubuhi, kabla ya kuisukuma, Masanja alipiga magoti akazipima kwa vidole vyake.

Ilikuwa kiangazi, jua linachoma mpaka mawe. Wageni wakubwa wa bwana meneja walikuwa waje Jumapili kutoka Ulaya, na meza zao zingewekwa palepale kwenye majani. Siku tatu kabla ya hapo, asubuhi, nilifika kazini mapema nikazilegeza zile skrubu nikashusha visu hadi mwisho. Kwa nini? Nilitaka nimlipe kwa yule jogoo wa pili! Nilijua atapiga magoti kama kawaida yake, ataona, kisha atanikimbiza na reki kuzunguka bustani nzima. Hayo tu ndiyo niliyoyataka. Mungu ni shahidi yangu.

Lakini asubuhi ile memsahibu, mke wa bwana meneja, alitoka mapema barazani akamhimiza aanze mara moja. Masanja hakupiga magoti. Aliishika mashine akaenda.

Alikuwa na desturi ya kuuzunguka uwanja kutoka nje kuingia ndani, na upande uliokwisha kukatwa ukabaki kushoto kwake... upande wa jicho lililokufa. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa jikoni na mkasi, nikinyoosha ukingo wa njia. Niliuona mzunguko wa kwanza. Mstari mweupe kama mfupa! Nilijiziba mdomo nisicheke. Nikasema moyoni, sasa hivi atageuka. Akaingia mzunguko wa pili, kicheko kikanikauka. Ningeita jina lake mara moja tu, angesimama. Kwa nini sikuita? Memsahibu alikuwa barazani, na mimi niliogopa kuulizwa nimejuaje.

Alikuwa katika mzunguko wa tatu memsahibu alipopiga ukelele. Bwana meneja akatoka na kikombe mkononi. Masanja akageuza kichwa, akaona. Akainama, akazigusa zile skrubu kwa vidole. Bwana akauliza nani kafanya vile.

Masanja akajibu, "Ni mimi, bwana. Sikuangalia mashine."

Hakunitazama hata kidogo. Nami nikajishawishi kwamba alidhani skrubu zimelegea zenyewe. Nilikuwa nimesimama na mkasi wangu, hatua kumi kutoka kwao. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Niliyameza. Niliona mkonge ukiningojea mimi badala yake, nikayameza.

Kabla ya saa sita Masanja alikuwa amerudishwa kwenye kundi la wakata mkonge, na mashine ya majani nilikuwa nimepewa mimi.

Nilisema nitamwendea bwana kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Mvua za masika zikaja, ukoka ukaota tena kama vile hapakutokea neno. Nami... naona aibu kuandika haya... nilianza kuipenda kazi yenyewe. Nilisifiwa kwa uwanja ulionyooka. Kambini Masanja alinitania kama zamani, akiniita bwana mkubwa wa majani. Nilicheka naye. Mtu gani huweza kucheka hivyo?

Mkata mkonge hujilinda kwa macho mawili, na hata hivyo huchomwa. Yeye alikuwa na moja. Siku moja mchana waliniita kwamba mtani wangu ameumia. Nilimkuta ameketi chini karibu na mzigo wa mkonge, kitambaa usoni, Mama Shija amemshika bega. Ile ncha nyeusi ya jani ilikuwa imeingia katika jicho la kulia. Dresa wa zahanati ya shamba alijaribu alivyoweza. Baada ya wiki mbili, Masanja hakuweza kutofautisha mchana na usiku.

Wakaamua arudishwe kwao. Lori lingewapeleka Morogoro kwa njia ya Handeni, na huko wangepanda treni ya Tabora. Niliomba ruhusa nimsindikize hadi Handeni. Niliapa kwamba njiani nitamwambia. Tulikaa nyuma ya lori bega kwa bega, Mama Shija na mtoto wao kwenye magunia mbele yetu. Vumbi, mashimo, jua. Kila mlima nilisema, tukiuvuka huu nitasema. Tulifika Handeni sijafungua mdomo.

Lori likasimama kutiwa maji. Nikasema, "Mtani, mimi nashukia hapa."

Akaupapasa mkono wangu, akaupata, akasema, "Shuka, mtani. Nilijua siku ileile. Mimi siachi skrubu zikalegea hivyo. Nilingoja uje useme mwenyewe, maana mimi nisingeweza kukutaja."

Nikamwomba anitukane, anilaani, anipige. Akatikisa kichwa.

"Mtani hakasirikiwi," akasema. "Utani wetu uko vilevile. Wasalimie nyumbani."

Mama Shija alinitazama bila kupepesa. Yeye si Mnyamwezi wala Mzigua, hana utani na mtu. Akasema polepole, "Shemeji, kila jioni alikuwa ananiuliza, amekuja? Nikamwambia hapana." Kisha lori likaondoka.

Sikurudi Korogwe. Mashine ile sijui ilishikwa na nani. Miaka yote hii nimetafuta wa kunihukumu, sijampata. Wazee wa pande zetu niliowasimulia wamesema kati ya watani hakuna kesi. Kama pasingekuwa na utani angenishtaki, ningefungwa, ningetoka. Sasa nitaombaje msamaha kwa kosa ambalo mwenyewe amekataa kuliita kosa?

Ndugu msomaji, taniana na mtani wako kwa mdomo, kwa kuku, kwa kofia. Usiguse kazi ya mtu. Na kama umekwisha kuigusa, usingoje kesho. Kama uliyemkosea bado yuko mahali unapoweza kufika kwa miguu, weka gazeti hili chini uende sasa hivi.

Mimi nimechelewa. Nimeandika yote niliyopaswa kumwambia Masanja, na nimeyaandika nikijua kwamba hawezi kuyasoma.