Gari Limebaki Dereva

Kap.

Mlango wa gari ulifungwa uani, polepole, kama afungavyo kijana aliyechelewa kurudi na hataki kumwamsha mama yake. Dufie alifumbua macho gizani. Alingoja hatua za miguu, hazikuja. Alingoja mbwa wa jirani abweke; hakubweka. Kando yake Twumasi, mumewe, alikuwa amelala chali, ametulia, akitabasamu usingizini.

Asubuhi alitoka na ufagio, akalitazama gari. Pijo lilikuwa palepale lilipowekwa juzi, juu ya matofali, karibu na jiko la nje. Halikuwa na magurudumu. Halikuwa na viti, wala usukani, wala taa. Na mlango halikuwa nao hata mmoja.

Dufie alifagia ua wote, ila hapo.

Twumasi alikuwa karani wa posta pale Kumasi, mtu wa suruali iliyonyooshwa na maneno machache, na hakuna aliyejua ugonjwa wa Pijo aliupata wapi. Tangu azaliwe, kwao hakukuwa na gari. Lakini tangu ashike kalamu alichora gari moja tu, Pijo 504, na kila mara alilipaka rangi ya buluu. Na mama yake, Mama Agyeiwaa, kila mara aliichana picha ile bila kusema kwa nini. Bodi hili alilipata Suame, kwenye magereji, kwa seremala aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Lilikuwa limepakwa rangi ya ugoro, kwa brashi.

"Umeniletea mke mwenza," Dufie alimwambia siku lilipofika. "Tena kibogoyo."

"Meno atapata. Suame hakikosekani kitu."

"Na akishapata meno, atamuuma nani?"

Twumasi akacheka. Siku hizo bado alikuwa na kicheko chake mwenyewe.

Aliyewahi kufufua gari kuukuu anajua kwamba hakuna kipande kinachokubali kwa hiari. Unaambiwa mlango huu ni wa 504, unaubeba kichwani hadi nyumbani, unakuta bawaba zimepishana na mashimo kwa upana wa kidole. Unapiga tupa, unagonga, unatukana, unarudi sokoni. Fundi Alasani, aliyekuja kila Jumamosi kutoka Zongo, mtaa wa Waislamu, na sanduku lake la spana, alizoea hivyo.

"Kipande kigeni ni kama mkwe mgeni," alikuwa akisema. "Lazima kwanza kigombane na nyumba."

Hapa hakikugombana kitu. Boneti Twumasi aliikuta ikiwa paa la kibanda cha kinyozi. Usukani aliutoa ukutani kwa muuza uji, ambaye hakukumbuka nani aliutundika. Kiti cha dereva alikuwa akikikalia mlinzi wa kanisa. Mlango wa dereva ulikuwa umeziba pengo la uzio, upande wa pili wa mji. Kila kimoja kilipofikishwa uani kiliingia mahali pake kama mkono uingiavyo katika kiganja unachokijua. Hakuna tupa. Hakuna nyundo.

"Bwana, wewe unavijuaje hivi?" Alasani alimuuliza.

"Sivijui," alisema Twumasi. "Naingia sokoni, miguu inanipeleka."

Boneti ilipofungwa, ua ukaanza kunuka machungwa. Si machungwa ya kumenywa. Machungwa yaliyopondeka, yaliyochanganyika na petroli. Dufie alitafuta chini ya ngazi, nyuma ya mapipa, hata juu ya paa. Hakupata ganda. Asingelipata, kwa kuwa katika nyumba ile machungwa hayakuliwa. Mama Agyeiwaa hakuyaruhusu yapite mlangoni, na Dufie, alipoolewa, aliambiwa ndivyo ilivyo, akaacha kuuliza.

Usukani ulipofungwa, Twumasi akaanza kupiga mluzi. Ulikuwa wimbo wa dansi wa zamani, wa kabla hajazaliwa. Mama Agyeiwaa, aliyekuwa akigeuza kinuni ugali wa fufu huku Dufie akitwanga, alisahau kuondoa mkono, na mchi nusura umvunje vidole.

"Umeusikia wapi huo?" aliuliza.

"Upi, Mama?"

"Unaoupiga."

"Mimi sijapiga mluzi," alisema Twumasi, na uso wake ulikuwa wa mtu asemaye kweli.

Kiti kilipofungwa, akaacha kula mezani. Alichukua bakuli lake akaenda kulia mle, nyuma ya usukani, akitazama mbele kupitia pengo lisilo na kioo, akiinua mguu na kuukanyaga chini, akiinua na kuukanyaga, pale ambapo pedali ya breki ingekuwa kama ingekuwapo.

Na mlango wa dereva ulipofungwa, adhuhuri ya siku ile, wakati upepo wa vumbi wa jangwani umelifanya jua kuwa jeupe kama yai la kuchemsha, Dufie alikuwa akianika nguo uani. Mumewe alishuka kwenye gari. Alitembea kuelekea kwake akiburuta mguu wa kushoto, mguu ambao haukuwahi kuumwa, akasimama mbele yake kwa heshima, mikono nyuma, kama kijana wa kijijini aliyetumwa.

"Dada, samahani," alisema. "Mwenye nyumba yupo? Nimechelewa kidogo. Barabara ilikuwa mbaya."

Dufie alidhani anataniwa. Alitaka kucheka. Kisha akayaona macho yake: yalikuwa macho ya mume wake, na yalikuwa hayamjui.

"Twumasi," alinong'ona. "Twumasi, ni mimi."

Alipepesa macho. Akatazama nguo kwenye kamba, akatazama mguu wake. "Ee, Dufie," alisema polepole. "Umeita?"

Jumamosi iliyofuata Alasani alianza kupiga msasa ili kulitayarisha gari kwa rangi. Rangi ya ugoro ikatoka kwenye bodi, na chini yake ikaonekana buluu. Akahamia kwenye mlango, buluu. Akahamia kwenye boneti iliyokuwa paa la kinyozi. Chini ya kutu, buluu ileile ya anga ya asubuhi. Dufie alimwona ameacha kazi, amesimama, anapitisha kidole juu ya bati. Alimsogelea.

"Tazama, dada," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hapa kwenye boneti pana mkunjo ulionyooshwa kwa nyundo. Unakwenda hivi. Unafika ukingoni, unaruka, unaendelea kwenye mlango. Unamaliza mlango, unaingia kwenye bodi. Unaona?"

Dufie aliona. Ulikuwa mstari mmoja, umeinama kidogo, kama kovu.

"Vimetoka kona nne za Kumasi," alisema Alasani, "lakini hivi si vipande vya magari manne. Hili ni gari moja. Na jeraha ni moja."

"Maana yake nini, fundi?"

Alikuwa ameshaanza kufuta mikono na kukusanya spana. "Sisi gari lililoua mtu hatulitupi. Tunalisomea dua, tunalikata, tunalitawanya. Kipande mashariki, kipande magharibi, ili visionane tena. Vikae hivyo, havina neno. Hakuna fundi wa Suame anayevirudisha pamoja. Mumeo amevirudisha vyote, hakuacha hata kimoja." Alilitazama gari kwa pembe ya jicho, kama mtu anayechelea kusikiwa. "Limepata kila kitu sasa, dada. Limebaki dereva. Na usiniulize kwa nini amechaguliwa yeye. Umeona mwenyewe: hapa hakiingii kipande kisicholingana."

Aliondoka bila kuaga. Injini na magurudumu alishavifunga; betri haikuwa imenunuliwa.

Dufie hakungoja. Alijifunga kitambaa kichwani akaenda kwa Nana Afrakoma, mganga wa upande wa mto, akiwa na shati la Twumasi ndani ya kikapu. Mganga hakulishika. Alilinusa kwa mbali.

"Huyu aliyemshika hana ubaya," alisema. "Ana njia, hana mtu wa kumwonyesha. Mtu akifia barabarani, watu wake huenda pale alipoangukia, na kinywaji, na jina lake. Wanamwita, wanamleta nyumbani, ndipo anazikwa mzima. Huyu hakuitwa. Amekaa pale mlipomwacha, ndani ya chuma. Chuma kikakatwa, akakatwa nacho. Sasa mmemuunga."

"Nifanye nini, Nana?"

"Aitwe. Amwite aliyemzaa, kabla injini haijawaka. Ikiwaka na mumeo amekaa mle, mumeo ndiye atakayefika kwa wafu, na yule ndiye atakayebaki na mwili wake." Akamsukumia kikapu chake. "Na umwambie huyo mama ajiandae. Anayemwita ndiye anayemsindikiza. Huwezi kumwamsha mtu njiani halafu ukamwacha amesimama."

Dufie alirudi karibu mbio, vumbi limemjaa puani. Alimkuta mama mkwe jikoni, mbele ya sufuria ya mchuzi wa karanga, akikoroga mchuzi uliokwisha kuungua. Kupitia mlango wa jiko lilionekana gari, na lilikuwa limebaki la buluu tupu, ugoro wote umedondoka wenyewe kama magamba.

"Mama," alisema Dufie. "Ni nani?"

Mama Agyeiwaa hakugeuka.

"Mama, nampoteza mume wangu. Ameshaniita dada. Nani alikufa kwenye gari lile?"

Mwiko ulizunguka, ukazunguka, ukasimama.

"Mtoto wangu wa kwanza," alisema Mama Agyeiwaa. "Alikuwa na umri wa kuanza kunyoa. Gari lilikuwa la kaka yangu, mkuu wa ukoo wetu. Alimtuma shambani kuleta machungwa, breki zikakataa kwenye mteremko. Na mimi nilikuwa na mimba kubwa ya huyu Twumasi. Kaka yangu akasema, kifo cha barabarani ni kifo kibaya, na mwenye mimba asilitaje jina la mfu wa namna hiyo. Atamsikia, atakuja kuingia tumboni. Hakuna aliyekwenda kumwita. Jina likazuiwa nyumba nzima. Mimi nikalimeza, ili huyu wa tumboni apone."

"Lakini alishazaliwa, Mama."

"Alizaliwa. Nikasema, anyonye kwanza. Akanyonya. Nikasema, atembee kwanza. Akatembea. Nikasema, aoe kwanza, awe na mtu wa kumshika. Ukaja wewe." Aligeuka. Machozi hayakuwapo, macho yalikuwa makavu. "Jina la mtoto likikaa kooni muda huo wote, mke wetu, linaota mizizi."

"Mganga anasema aitwe. Na wewe ndiye wa kumwita."

"Na nini tena kasema?"

Dufie alitazama chini, kwenye majivu. "Hayo tu."

Mama Agyeiwaa alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemsamehe mtoto mwongo. "Mimi nimezaliwa hapa, mwanangu. Najua aitaye hufuata. Ningekuwa wewe, nami ningelificha."

Akaingia chumbani. Ndipo uani injini ilipokohoa.

Dufie alitoka, na Pijo lililokuwa halina betri lilikuwa linatetemeka kwa ngurumo, na pale pasipokuwa na vioo palikuwa na vioo, vyote vimepandishwa juu, na ndani yake, katika moshi mzito ulionuka petroli na machungwa, Twumasi alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, mguu wake wa kushoto umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, na Dufie alipiga kioo kwa ngumi, akaita jina la mumewe, akaliita tena, akaliita hadi sauti ikamkauka, na kila alipoliita uso wa mle ndani ulizidi kuwa mchanga, ndevu zikififia, mashavu yakijaa, mpaka alipogeuka kumtazama alikuwa kijana asiyezidi miaka ishirini, mwenye wasiwasi, mwenye adabu, damu nyembamba ikimtoka sikioni.

"Dada, naomba nipishe," alisema kijana. "Mama ananingoja."

Lango la ua lilikuwa limefunguka lenyewe. Magurudumu yakaanza kuzunguka.

"Mke wetu, sogea."

Mama Agyeiwaa alikuwa amesimama mbele ya boneti. Alikuwa amevaa vitambaa vya msiba, chekundu na cheusi, vyenye mikunjo ya sanduku, vitambaa alivyovinunua kwa mazishi asiyoruhusiwa kuyalilia. Alikuwa peku. Mkononi alishika chupa ya kinywaji, akaimimina ardhini mbele ya gurudumu, na gari likasita, kama punda aliyeona maji.

Alizunguka kwa utulivu hadi upande wa dereva. Dufie alimshika mkono. Ulikuwa mwepesi sana, tayari ulikuwa mwepesi sana. Kikongwe akautoa taratibu, akauweka juu ya bati la buluu, juu ya kovu.

"Mama," Dufie alinong'ona. "Mama, nisamehe."

"Mshike mumeo vizuri akitoka. Atakuwa na baridi."

Akainamisha uso mpaka kwenye kioo. Mle ndani kijana aliinua macho, na injini ikashusha sauti kama inayosikiliza.

"Mpishe mdogo wako, baba," alisema Mama Agyeiwaa. "Kiti hicho si chake, na gari hili si letu. Nimechelewa, najua. Barabara ilikuwa mbaya. Twende, tutakwenda kwa miguu, nitakushika mkono. Shuka, mwanangu. Shuka, Asubonteng."