Chini ya Kilele cha Rutembo

Jirani ndiye aliyemkuta Cassien, alfajiri ya Jumapili, Machi 2019, amelala chali kwenye maegesho ya magari huko Gulfton, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, shingo imevunjika. Askari wa kwanza kufika walisema ameteleza kwa mvua. Mpelelezi Jeptoo alipanda hadi veranda ya ghorofa ya tatu, akasimama penye kizuizi. Kilimfika kifuani.

"Hapa mtu hatelezi," alisema. "Hapa mtu husukumwa."

Akaanza na Elvis, mpwa wa marehemu, maana majirani waliwasikia wakigombana jioni ile.

"Tuligombania gari tu," Elvis alisema, macho mekundu. "Usiku nilikuwa kazini Stafford. Nili-clock in saa nne, uliza supervisor."

Jeptoo akauliza. Ilikuwa kweli.

Mjane, Marie-Rose, naye usiku huo alikuwa kwenye zamu hotelini. "Tangu misa ya Jumapili iliyopita Cassien alikuwa hali, halali," alisema. "Alikuwa akitazama ile picha tu."

Ilitundikwa sebuleni: Rutembo, mlima wa kwao Burundi, msitu tu kuanzia bondeni hadi kileleni.

"Misa hiyo kulikuwa na mgeni?"

"Armel. Amehamia kutoka Dallas."

Siku ya tatu Armel mwenyewe alikuja msibani kutoa pole, mtu wa makamo, mpole. Jeptoo akamsogelea.

"Mzee, ulimjua marehemu?"

"Tulisalimiana kanisani, basi. Mimi mtu wa Bujumbura, huko mlimani sijakanyaga."

Jeptoo akagusa picha. "Nasikia alizaliwa mteremko huu."

"Hapana, kwao ni ng'ambo, nyuma ya shule."

"Shule gani? Mimi naona miti."

Marie-Rose akainuka taratibu.

"Ilichomwa wakati wa vita, watoto wakiwa ndani," alisema. "Msitu uliimeza zamani. Wewe uliionaje?"

Armel akakaa chini.

"Alinitambua. Nilimfuata tuongee, tukasimama verandani. Aliapa hatanishtaki. Alitaka kujua tu tulimzika wapi dada yake, Keza. Sikumwamini. Watoto wangu hapa wananijua kuwa mtu mwema."

Jeptoo akamfunga pingu.

"Mlimzika wapi?" Marie-Rose aliuliza.

"Chini ya kilele, chemchemi inapotokea. Wote pamoja."

Polisi walipomteremsha Armel, Marie-Rose alichukua simu, akampigia mama mkwe wake Burundi.

"Mama," alisema kwa Kirundi, "Keza amepatikana."

Akasubiri kilio kitulie. Habari za Cassien alikuwa bado hajampa.